Kwa nini Llywelyn Mkuu alimnyima mwanawe wa kwanza kiti cha Gwynedd?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimekuwa nikisoma habari za Llywelyn Mkuu, mtawala wa Wales wa karne ya 13, na nimekwama kwa watoto wake. Alikuwa na mwana mkubwa, Gruffudd, ambaye kwa sheria ya kwao alistahili kurithi. Badala yake akamrithisha mdogo, Dafydd, na yule mkubwa akamweka kifungoni miaka sita. Je, alimchukia mwanawe? Au ni mke wake, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyemtia maneno?

Jibu: Marahaba. Nianze na jibu lenyewe, halafu nikuoneshe nimelipataje. Chuki siioni. Mke namwona, lakini si kwa namna unayoidhania. Ninachokiona zaidi ni mtu aliyekulia katika nyumba iliyouana kwa ajili ya urithi, akaapa nchi yake haitakatwa vipande tena, kisha akagundua kwamba kisu cha kuuzuia mgawanyo huo lazima kimpitie mwanawe mwenyewe. Nimeisoma habari hii kwa miaka mingi na bado inanisumbua, kwa sababu kila hatua yake, ukiitazama peke yake, ina sababu ya kueleweka.

Kwanza majina, maana yanawachanganya wengi. Kwa Kiwelisi "ap" au "ab" ni "bin", na "ferch" ni "binti". Kwa hiyo Llywelyn ab Iorwerth ni Llywelyn bin Iorwerth, na mjukuu wake Llywelyn ap Gruffudd ni Llywelyn bin Gruffudd. Hao ni watu wawili. Babu ndiye aliyeitwa Mkuu, naye alifariki mwaka 1240. Mjukuu aliuawa mwaka 1282. Ukisoma mahali "Llywelyn wa Wales" bila jina la baba, simama kwanza uulize ni yupi.

Nchi yao ilikuwa Gwynedd, kaskazini-magharibi mwa Wales, yenye milima ya Snowdonia nyuma na kisiwa cha Anglesey mbele, kisiwa ambacho ndicho kilikuwa ghala lao la nafaka. Wales wakati huo haikuwa dola moja. Kulikuwa na Gwynedd, kulikuwa na Powys upande wa mashariki, kulikuwa na Deheubarth kusini, na mipakani walikaa mabwana wa Kinormani waliojenga ngome na kumega ardhi kidogo kidogo. Mfalme wa Uingereza alijihesabu kuwa mkubwa wa wote.

Sasa rudi nyuma hadi mwaka 1170. Mwaka huo alifariki Owain Gwynedd, babu yake Llywelyn, mtawala hodari aliyemzuia hata Henry wa Pili, mfalme wa Uingereza. Owain aliacha wana wengi wa mama mbalimbali. Hakupita hata mwaka, Hywel, mwanawe aliyezaliwa na mwanamke wa Ireland na ambaye mashairi yake ya mapenzi na ya vita yamebaki hadi leo, aliuawa karibu na Pentraeth kisiwani Anglesey. Waliomuua ni ndugu zake wa baba mmoja, Dafydd na Rhodri. Waliobaki wakaendelea kusukumana. Baba yake Llywelyn, Iorwerth, aliyeitwa Drwyndwn, yaani mwenye pua iliyovunjika, alifariki Llywelyn akiwa bado mtoto mchanga, au hajatimiza hata miaka miwili. Mama yake, Marared, alikuwa binti wa Madog ap Maredudd, mtawala wa Powys.

Kwa hiyo mtoto huyu alikua akijua kwamba ami zake ndio waliokalia haki ya baba yake. Mwaka 1194, akiwa na umri wa miaka 21 hivi, alimshinda ami yake Dafydd kwenye mdomo wa mto Conwy, akisaidiwa na binamu zake. Miaka mitatu baadaye akamkamata kabisa, naye Dafydd akaishia uhamishoni Uingereza, alikofia mwaka 1203. Ifikapo mwanzo wa karne ya 13 Gwynedd yote ilikuwa mkononi mwa Llywelyn. Ameipata kwa kuwaondoa jamaa zake. Hakuna aliyehitaji kumfundisha nini hutokea baba anapokufa na kuacha wana wawili wenye nguvu sawa. Fahali wawili hawakai zizi moja, naye alikuwa amelelewa ndani ya zizi hilo.

Umesema kwamba Gruffudd alistahili "kwa sheria ya kwao". Ni kweli, ila sheria yenyewe haikusema hivyo hasa. Wawelisi walifuata Sheria ya Hywel, inayonasibishwa na mfalme Hywel Dda aliyefariki mwaka 950. Katika sheria hiyo ardhi ya baba iligawiwa wanawe wote wa kiume, mkubwa kwa mdogo. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa naye alipata fungu lake, maadamu baba amemkiri. Vitabu vya sheria vya Gwynedd vinalitamka jambo hili waziwazi, tena kwa kubishana na Kanisa: vinasema sheria ya Kanisa inamtambua mwana mkubwa wa mke wa ndoa peke yake, lakini Sheria ya Hywel haimtwishi mtoto dhambi ya baba yake. Mimi naiona hiyo ni sheria yenye huruma. Kwa shamba na nyumba inafaa sana. Kwa kiti cha utawala, ambacho hakigawanyiki, ilikuwa mwaliko wa vita kila msiba unapotokea. Kwa hiyo Gruffudd hakuwa mrithi wa yote kwa sheria hiyo. Alikuwa na haki ya fungu, na fungu hilo ndilo baba yake aliloliogopa.

Mama yake Gruffudd aliitwa Tangwystl, binti Llywarch Goch. Usimwite hawara, kama nilivyoona watu wakiandika. Machoni pa Wawelisi ulikuwa uhusiano unaojulikana na kuheshimika, na mwanawe alikuwa mwana wa mtawala bila mashaka yoyote. Machoni pa Kanisa la Roma haikuwa ndoa. Tofauti hiyo, iliyoonekana ndogo Gruffudd alipozaliwa karibu na mwaka 1196, ndiyo iliyoamua maisha yake yote.

Mwaka 1205 Llywelyn alimwoa Joan, ambaye Wawelisi humwita Siwan, binti wa Mfalme John wa Uingereza. Sikiliza jambo ambalo husahaulika: Joan naye alizaliwa nje ya ndoa. John alimpata kwa mwanamke ambaye hakuwa malkia wake. Msichana huyu aliletwa milimani kuwa mke wa mwanamume aliyemzidi umri karibu miaka 20, pamoja na shamba la Ellesmere kama mali ya ndoa. Llywelyn akawa mkwe wa mfalme, na kwa miaka michache mambo yakawa shwari.

Kisha ukaja mwaka 1211, na hapa ndipo naweka kidole changu. John alimgeukia mkwewe. Kampeni ya kwanza, mwezi wa Mei, ilishindwa vibaya kwa njaa: Llywelyn aliwahamishia watu na mifugo milimani, askari wa John wakabaki Deganwy wakila farasi wao. Kiangazi John akarudi na chakula cha kutosha na mafundi wa kujenga ngome. Mji wa Bangor ukachomwa moto, askofu akakamatwa ndani ya kanisa lake mwenyewe. Llywelyn akaona hawezi tena. Akamtuma Joan kwa baba yake kuomba amani.

Amani ilipatikana, na hati yake ni ya tarehe 12 Agosti 1211. Llywelyn alitoa ardhi yote ya mashariki ya mto Conwy, akatoa ng'ombe kwa maelfu, akatoa mateka. Wa kwanza kati ya mateka alikuwa Gruffudd, kijana wa miaka 15 hivi. Tena hati ikasema hivi: iwapo Llywelyn hatapata mrithi kwa Joan, nchi yake yote itakwenda kwa mfalme. Isome tena taratibu. Gruffudd yuko hai, ametajwa kwa jina ndani ya hati hiyohiyo, na bado anahesabiwa kana kwamba si mrithi. Baba amekubali, akiwa na upanga shingoni, kwamba mwana wake wa kwanza si kitu mbele ya mtoto ambaye pengine bado hajazaliwa.

Watu wengi huanza simulizi la urithi mwaka 1220, Dafydd alipotambuliwa. Mimi naamini lilianza siku hiyo ya Agosti. Ni John aliyeiandika kanuni hiyo kwanza, kwa faida yake mwenyewe. Llywelyn aliichukua baadaye akaigeuza kuwa ngao.

Gruffudd alikaa mikononi mwa John miaka minne. Mwaka 1212 Wawelisi waliasi tena, na John akaamuru mateka wa Kiwelisi wanyongwe kule Nottingham. Idadi iliyoandikwa ni 28, wengi wao vijana. Gruffudd hakuwemo, pengine kwa sababu alikuwa na thamani zaidi akiwa hai. Lakini aliishi akijua kwamba baba yake amenyanyua silaha ilhali yeye yuko chini ya kamba. Mwaka huohuo Joan alimpelekea baba yake barua ya kumwonya kwamba mabwana wake wanapanga kumsaliti. Mumewe upande huu, baba yake upande ule, na mtoto wa mumewe kati yao: nani angetamani nafasi ya mwanamke yule?

Kilichomtoa Gruffudd ni ile hati mashuhuri ya Magna Carta ya mwaka 1215. Llywelyn alikuwa ameungana na mabwana walioasi, akauteka mji wa Shrewsbury, na kifungu cha 58 cha hati hiyo kikamlazimisha John kumrudisha mara moja mwana wa Llywelyn, pamoja na mateka wote wa Wales na hati walizotoa kama dhamana. Mtoto na hati ya 1211 zikarudi kwa sentensi moja. Hati ile ilipoteza nguvu, lakini wazo lake lilikuwa limekwishaingia Gwynedd, na wakati huo Dafydd alikuwa mtoto mdogo miguuni pa Joan.

Kuanzia hapo Llywelyn alijenga urithi wa Dafydd kama fundi anayejenga ukuta, tofali baada ya tofali. Mwaka 1220 serikali ya mfalme mpya, Henry wa Tatu, ilimtambua Dafydd kuwa mrithi. Henry alikuwa bado mvulana, tena alikuwa ndugu wa Joan kwa baba, kwa hiyo Dafydd alikuwa mpwa wake. Mwaka 1222 Papa Honorius wa Tatu aliidhinisha sheria mpya ya Llywelyn. Barua ya Papa inaiita desturi ya zamani kuwa ya kuchukiza, ile inayomfanya mwana wa mjakazi arithi sawa na mwana wa mwungwana. Hayo ni maneno yaliyotoka katika habari za Hajiri na Sara. Fikiria Tangwystl kuitwa mjakazi katika barua inayosomwa mbele ya wazee wa nchi yake. Mwaka 1226 Papa huyohuyo alimhalalisha Joan, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba mama wa mrithi naye ni mtoto wa nje. Mwaka huo wakuu wa Wales wakaapa utii kwa Dafydd, na mwaka 1229 Dafydd akaenda London kutoa heshima yake kwa mfalme.

Ulizo lako kama alimchukia Gruffudd nalijibu kwa kutazama alichomfanyia katika miaka hiyohiyo. Alimpa Meirionnydd na Ardudwy, ardhi kubwa kando ya bahari. Gruffudd akaitawala kwa mkono mzito hadi wenyeji wakalalamika. Mwaka 1221 baba akaenda na jeshi, mwana akajipanga na jeshi lake, wakatazamana. Wazee wenye busara wakaingia kati, Gruffudd akanyenyekea, vita havikupigwa. Llywelyn akamnyang'anya ardhi ile na kuanza kujenga ngome, ambayo inaaminika ndiyo Castell y Bere, ambayo magofu yake yapo hadi leo juu ya mwamba. Miaka miwili tu baadaye anamkabidhi Gruffudd jeshi zima kwenda kusini kupambana na William Marshal karibu na Carmarthen. Mtu humpi jeshi mwana unayemchukia. Humpi hata mwana unayemwogopa sana.

Lakini mwaka 1228 alimfunga katika ngome ya Deganwy, akamwacha humo miaka sita. Ukiangalia tarehe utaona ni kipindi kilekile ambacho Dafydd anapelekwa kwa mfalme na kuozwa. Llywelyn hakutaka wakuu waliolaumu mpango wake wapate mtu wa kumzunguka. Na wapo walioulaumu. Wawelisi wengi walimwona Gruffudd ndiye mwenzao halisi, mwana wa mama wa Kiwelisi, aliyenyimwa haki kwa ajili ya mjukuu wa Mfalme John. Alipotolewa mwaka 1234 alipewa sehemu ya Llŷn, kisha Llŷn yote, kisha vipande vikubwa vya Powys. Huyu ni baba anayemega kila kitu anachoweza kummegea mwanawe, isipokuwa kile kimoja anachokitaka.

Nije kwa Joan, kwa kuwa umemshuku. Tukio la mwaka 1230 ndilo litakaloonesha uzito wake, na pia litakaloonesha Llywelyn alikuwa mtu wa namna gani.

Mwaka 1228, katika vita vya Ceri, Llywelyn alimteka bwana mmoja wa mipakani, William de Braose, ambaye Wawelisi walimwita Gwilym Ddu, William Mweusi. Walikubaliana fidia ya pauni 2,000, na William amwoze binti yake Isabella kwa Dafydd, na ngome ya Builth iwe mali ya bibi harusi. Ilikuwa biashara nzuri: Dafydd atapata mke, ngome, na ukoo wenye nguvu nyuma yake. Kisha, Pasaka ya mwaka 1230, William akiwa mgeni nyumbani kwa Llywelyn, akakutwa chumbani na Joan.

Tarehe 2 Mei William alinyongwa hadharani. Abati mmoja wa Kiingereza aliyeandika barua siku chache baadaye anasema waliotazama walizidi 800. Kumnyonga bwana wa Kinormani mchana kweupe kama mwizi lilikuwa jambo la kutisha, na bado hakuna aliyemshambulia Llywelyn kwa ajili hiyo. Joan alifungiwa.

Sasa sikia barua mbili alizoandika Llywelyn baada ya kunyonga. Moja ilikwenda kwa mjane, Eva de Braose, nyingine kwa kaka wa mjane, William Marshal. Alisema kwamba wakuu wa nchi ndio waliotaka hukumu ile, naye asingeweza kuizuia. Kisha akauliza: je, bado mnapenda ile ndoa ya Isabella na Dafydd iendelee? Mtu amemnyonga baba wa binti kwa sababu ya mkewe mwenyewe, na kabla matanga hayajaanuliwa anauliza habari za harusi. Mwanzoni niliposoma nilimwona hana moyo. Siku hizi naona mtu aliyeumia sana lakini asiyekubali maumivu yake yamwangushie Dafydd ukuta. Ndoa ilifungwa. Isabella aliingia katika nyumba ya mtu aliyemuua baba yake, na kwa habari zake za moyoni hakuna aliyeandika mstari.

Mwaka 1231 Joan alirudishwa nafasini mwake. Baadhi ya watu husema ni mapenzi, na mapenzi yanaweza kuwemo. Mimi naongeza hili: kumwacha Joan kungekuwa kumwacha Dafydd. Haki ya kijana ile ilisimama juu ya ndoa ile, juu ya baraka ya Papa, juu ya udugu na Mfalme Henry. Kwa hiyo sidhani Joan alihitaji kumtia mumewe maneno. Uzito wake ulikuwa katika kuwepo kwake. Alikuwa pia mjumbe hodari aliyekwenda mara nyingi kwa baba yake na baadaye kwa ndugu yake kuisemea Gwynedd, kazi ambayo hakuna mwingine angeiweza. Alipofariki tarehe 2 Februari 1237 huko Aber, Llywelyn alimzika ng'ambo ya mlangobahari, Llanfaes, na mahali pale akajenga nyumba ya watawa Wafransisko kwa kumbukumbu yake. Mwanamume asiyesamehe hajengi kitu kama hicho.

(Kwa kuwa wengi hukutana na jina la Llywelyn kupitia ile hadithi ya mbwa Gelert, aliyeuawa na bwana wake kwa kudhaniwa amemla mtoto: hiyo si historia. Iliota katika kijiji cha Beddgelert mwishoni mwa karne ya 18, ikisaidiwa na mwenye nyumba ya wageni aliyetaka wasafiri. Simanzi ya kweli ya nyumba hii haihitaji mbwa.)

Mwaka ule aliofiwa, Llywelyn alipatwa na kiharusi. Nguvu zikaanza kuhama kwenda kwa Dafydd, na Dafydd hakuwa na subira ya baba yake. Oktoba 1238 wakuu wa Wales yote walikusanyika kwenye monasteri ya Ystrad Fflur wakamwapia. Mara akamnyang'anya Gruffudd maeneo yake ya Powys, akambakizia Llŷn. Kisha akamkamata, yeye na mwanawe Owain, akawafunga katika ngome ya Criccieth. Mwanahistoria Matthew Paris, aliyeishi zama hizo, anasema Gruffudd alikuwa amekuja kwa miadi, akiwa chini ya dhamana ya askofu Richard wa Bangor, naye askofu alikasirika mno kwa kuvunjwa kwa neno lake.

Llywelyn alifariki tarehe 11 Aprili 1240 katika monasteri ya Aberconwy, akiwa amevaa kanzu ya watawa. Alikuwa ametawala zaidi ya miaka 40, na nchi ikabaki nzima mkononi mwa mrithi mmoja. Hapo angeweza kudhani amefaulu.

Henry wa Tatu alimtambua mpwa wake Dafydd, akamvisha heshima, kisha akaanza kutafuta ufa. Ufa ulikuwa umefungwa kule Criccieth. Mke wa Gruffudd, Senana, alikwenda Shrewsbury kumwomba mfalme amtoe mumewe. Alikuwa mwanamke jasiri, na namheshimu kuliko wote katika simulizi hili. Aliahidi marki 600 (marki ni kipimo cha fedha cha zama hizo), akatoa wanawe wawili wadogo, Dafydd na Rhodri, kuwa mateka, na mfalme akaahidi kwamba Gruffudd atapewa fungu lake kwa mujibu wa sheria ya Kiwelisi. Makubaliano hayo yana tarehe 12 Agosti 1241, miaka 30 kamili tangu ile hati ya John. Safari hii mfalme wa Uingereza ameigeuza karata: baba, John, aliikana Sheria ya Hywel ili kuipata nchi; mwana, Henry, anaitetea Sheria ya Hywel ili kuigawa.

Kiangazi kile kilikuwa kikavu, mabwawa na mito haikumzuia mtu, na jeshi la Henry likafika haraka. Dafydd akasalimu amri kabla Agosti haijaisha, akamkabidhi Gruffudd. Senana akangoja mumewe afunguliwe. Henry akampeleka kwenye Mnara wa London. Alikuwa amepata kitu bora kuliko marki 600: mtu wa kumtishia naye Dafydd wakati wowote.

Usiku wa tarehe 1 Machi 1244, sikukuu ya Mtakatifu David, mlinzi wa Wales, Gruffudd alifunga shuka, vitambaa vya meza na mapazia kuwa kamba, akaanza kujishusha kutoka juu ya Mnara. Alikuwa mtu mnene, na miaka ya kifungo ilikuwa imemwongezea uzito. Kamba ikakatika. Matthew Paris, aliyechora picha ya tukio hilo pembeni mwa ukurasa wake, anasema kichwa kilizama mabegani. Alikuwa na umri wa karibu miaka 48. Ukijumlisha kwa John, Deganwy, Criccieth na London, alitumia kifungoni zaidi ya miaka 14 ya maisha hayo.

Kifo chake kilimfungua Dafydd mikono. Bila mtu wa kutishiwa naye, aliinua vita dhidi ya Henry, na Wawelisi waliokuwa wamegawanyika wakasimama nyuma yake kwa hasira ya kile kilichotokea London. Alipigana vizuri. Lakini tarehe 25 Februari 1246 alifariki Aber, hajafikisha miaka 40, na yeye na Isabella hawakupata mtoto. Ule ukuta wote, barua za Papa, viapo, harusi iliyopita juu ya mti wa kunyongea, uliishia kwa mtu asiye na mrithi.

Na nchi ikaenda kwa nani? Kwa wana wa Gruffudd. Owain, aliyetoka gerezani London, na Llywelyn, aliyekuwa amebaki nyumbani na ami yake. Wakaigawana, kama Sheria ya Hywel ilivyoagiza. Ndugu yao Dafydd alipokua akadai fungu lake, na mwaka 1255 wakapigana huko Bryn Derwin. Llywelyn akashinda kwa muda usiozidi saa moja, akamfunga kaka yake Owain, akamwacha gerezani hadi mwaka 1277. Huyo ndiye Llywelyn aliyejiita Mtawala wa Wales na kutambuliwa na Henry mwaka 1267, na ndiye aliyeuawa karibu na Cilmeri tarehe 11 Desemba 1282. Katika jeshi lililomwangusha walikuwemo Edmund na Roger Mortimer, wajukuu wa shangazi yake Gwladus, binti wa Llywelyn Mkuu. Kupitia Gwladus huyohuyo, damu ya Llywelyn ilifika hadi kwa Edward wa Nne na wafalme wa Uingereza waliomfuata.

Bado kuna jambo moja kuhusu Gruffudd, kwa kuwa ndiye uliyemuuliza. Mwili wake ulizikwa London, ukabaki huko miaka minne. Mwaka 1248 abati wa Ystrad Fflur na abati wa Aberconwy walisafiri kwenda kwa Henry kuuomba, wakakubaliwa. Wakaubeba kuvuka Uingereza hadi kaskazini mwa Wales, wakauzika kwa heshima katika monasteri ya Aberconwy, ambako baba yake alikuwa amelala miaka minane, na Dafydd miaka miwili.